Mto wa kitabuni na mto wa Kainuk: Historia ya kile mtoto anachokijua kabla ya kusoma

Chukua sentensi nyepesi ya aina inayopatikana katika vitabu vya ufahamu vya madarasa ya chini: "Watoto walikwenda mtoni kuchota maji." Haina msamiati mgumu wala methali ya kumtoa mtu jasho. Mwalimu wa Kakamega ataisoma mara moja na kuendelea na aya inayofuata. Lakini ipeleke Kainuk, kituo cha kwanza cha Turkana kwa msafiri anayetoka Kitale na kuvuka mpaka wa Pokot Magharibi, halafu umwulize mtoto ameona nini akilini. Mingi ya mito anayoifahamu ni mikondo ya mchanga, ile ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Kwa miezi mingi mchanga huo ni mkavu, na anayetaka maji huchimba kisima humo humo mkondoni. Siku nyingine maji huja ghafla, tena kwa kishindo, kutokana na mvua iliyonyesha mbali milimani huku anga ya hapo ikiwa nyeupe kabisa. Mtoto huyu anajua mengi kuhusu mto kuliko mwandishi wa kitabu. Tatizo ni kuwa mto anaoujua yeye sio ule uliomo kitabuni.

Neno lenyewe lina mtego mwingine. Katika Kiswahili, mto ni wa maji na mto ni wa kulalia. Turkana, mzee hulaza kichwa chake juu ya ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana hukikalia na usiku hukigeuza kuwa mto. Mwambie mtoto wa hapo kwamba mto ni laini, umejazwa pamba au sufi, naye atakushangaa. Neno moja, maana mbili, na kila maana ina picha yake ambayo mtoto alikuja nayo kutoka nyumbani.

Wataalamu wa elimu huita mzigo huu maarifa ya awali, yaani yale yote ambayo msomaji anayajua, anayaamini na ameyapitia kabla hajafungua kitabu. Mbinu za kuyaamsha kabla ya kusoma hufundishwa leo vyuoni kana kwamba ni uvumbuzi wa majuzi. Ukweli ni kwamba zina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita kwetu Afrika Mashariki kwa njia zisizonyooka. Katika makala haya nitadai jambo moja: swali la kile ambacho mtoto anakijua halijawahi kuwa swali la mbinu tupu. Tangu enzi ya mkoloni limekuwa swali la nani anahesabiwa kuwa anajua.

Tuanze na jadi zetu. Kabla ya shule ya mkoloni, msimulizi wa ngano hakuanza hadithi kwa kuwavamia wasikilizaji. Alitoa mwito, nao wakaitika: paukwa, pakawa. Kitendawili nacho hakitegwi kabla ya hadhira kusema "tega". Ukisema "nyumba yangu haina mlango", unamlazimisha msikilizaji apekue kila anachokijua kuhusu nyumba, akikatae, kisha ahamie kwa kuku na yai lake. Hapo maarifa ya awali yameamshwa, yamepimwa na yamesahihishwa kwa muda usiozidi dakika moja. Sisemi kwamba mabibi zetu walikuwa na nadharia ya usomaji. Ninachosema ni kwamba desturi ya kuandaa akili kabla ya kuipa jambo jipya haikuletwa na meli.

Kilicholetwa na meli ni andalio la somo. Mwanafalsafa Mjerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka wa 1841, alifundisha kwamba wazo jipya hushika akilini pale tu linapopata mawazo ya zamani ya kushikamana nayo. Wafuasi wake waligeuza fikra hiyo kuwa hatua tano za somo, na hatua ya kwanza kabisa ilikuwa maandalizi: mwalimu aamshe yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, hatua hizo zilikuwa zimeenea katika vyuo vya ualimu vya Ulaya na Marekani, Uingereza ikiwemo. Mwalimu wa Kenya anayeandika leo "utangulizi" juu ya andalio lake anafuata mkondo huo, ajue asijue.

Tatizo ni lile lililoupata utangulizi huo njiani. Uligeuka kuwa ibada. "Jana tulisoma nini?" Darasa linajibu kwa sauti moja, mwalimu anageukia ubao, basi. Swali hilo linauliza yaliyofundishwa shuleni jana. Haligusi yale ambayo mtoto anayajua kutoka zizini, sokoni, kisimani au barabarani. Mwanafunzi anaweza kusoma miaka minane bila hata siku moja kuulizwa jambo ambalo yeye analijua na mwalimu halijui.

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilionekana kama iliyoamka. Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones na ikiwa na msomi kutoka Gold Coast, James Aggrey, ilizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924. Ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi na maisha ya kijijini. Mwaka uliofuata, London ilitoa waraka wa sera wenye mwelekeo huo huo. Kwa juu juu, hapa ndipo mtoto alipoanza kuheshimiwa kwa yale anayoyajua. Lakini Waafrika wengi waliunusa mtego. Elimu "inayofaa mazingira" ilikuwa pia elimu isiyompeleka mtu popote nje ya mazingira hayo. Ndiyo maana, shule huru za Wakikuyu zilipochipuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, wazazi walidai Kiingereza na masomo yale yale aliyopewa mtoto wa Mzungu. Hawakukataa kwamba mtoto wao anajua shamba. Walikataa shamba ligeuzwe kuwa ukuta.

Somo hilo tusilisahau, kwa sababu hatari ziko mbili, si moja. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto kana kwamba kichwa chake ni kibuyu kitupu. Ya pili ni kumfungia ndani ya yale anayoyajua, ukidhani kwamba mtoto wa mfugaji asome habari za mbuzi tu.

Wakati huo huo Kiswahili cha shule kilikuwa kinasanifiwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kwa kuwa vitabu vya kusoma vilikuwa haba, Johnson alitafsiri riwaya za Kiingereza. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920 na zikasomwa na vizazi kadhaa. Tafsiri hizo zilikuza nathari ya Kiswahili, hilo halina ubishi. Lakini tazama mzigo zilioubeba. Msomaji wa Lamu alikutana na tanga, nahodha na ghuba, akatabasamu, maana hayo ndiyo maisha yake. Msomaji wa bara alilazimika kujenga bahari nzima kichwani kabla ya kufika ukurasa wa pili. Lugha ilikuwa moja, ila walioisoma hawakuanzia mahali pamoja.

Turkana ilikuwa wapi wakati huu wote? Ilikuwa imefungwa. Eneo hilo lilitawaliwa kama wilaya ambayo mtu wa nje hakuingia bila kibali, na serikali iliijali zaidi kwa ulinzi wa mpaka kuliko kwa shule. Ndiyo maana palifaa kuwa gereza. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walifungwa Lokitaung, na mwaka wa 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikowekewa mipaka hadi 1961. Wakenya wengi walilisikia jina la Lodwar kwa mara ya kwanza kama jina la mahali pa kufungia watu. Ni njaa kali ya 1960 na 1961 iliyofungua milango kidogo. Misheni za Kikristo zilipewa nafasi ya kuingia na kuleta chakula, na baada ya chakula zikaja zahanati na shule. Hivyo basi, shule ilimfikia mtoto wengi wa Turkana ikiwa imeshikana mkono na msaada. Mtoto aliyepokea kitabu kama alivyopokea kipimo cha mahindi hakutazamiwa kuwa na la kusema kuhusu yaliyomo.

Uhuru ulipokuja, Kenya na Tanzania zilishika njia tofauti. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha na tangazo la Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, ilifanya jaribio kubwa katika mikoa ya Ziwa. Kati ya 1968 na 1972, mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO na wenye makao Mwanza uliandaa vitabu kulingana na kazi za wasomaji wenyewe: kitabu cha pamba kwa mkulima wa pamba, cha ndizi kwa mkulima wa ndizi, cha uvuvi kwa mvuvi, cha ng'ombe kwa mfugaji. Mtu mzima aliyeanza kusoma neno "pamba" alikuwa ameishika pamba tangu utotoni. Herufi zilikuwa ngeni, jambo lenyewe halikuwa geni. Kasoro ilikuwepo pia. Kitabu kilianza na anachokijua mkulima, halafu mara nyingi kikageuka kumwelekeza namna mtaalamu alivyotaka alime. Mkulima aliulizwa ili afundishwe, si ili asikilizwe. Hata hivyo, jaribio la Mwanza linabaki kuwa mfano wetu mkubwa zaidi wa vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa kuanzia kwa msomaji.

Kenya ilienda kwa Kiingereza. Mpango mpya wa shule za msingi, uliojaribiwa Nairobi kuanzia 1957 na kuenea baada ya uhuru, ulitaka mtoto afundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilijaribu kurudisha usawa: miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo ambamo shule ipo. Sera hiyo ingali hai kwenye karatasi. Katika muongo huo huo wa 1970 kulitokea jambo ambalo halisimuliwi sana, nalo lilihusu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wa wakati huo, CPE. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka wa 1972 ulikuwa umeikosoa mitihani hiyo kwa jinsi ilivyopotosha ufundishaji. Mtaalamu Anthony Somerset, akifanya kazi na Wizara ya Elimu, akachunguza maswali yenyewe. Mengi yalipima kumbukumbu, tena yaliwapendelea watoto wa mjini na wa jamii zenye Kiingereza nyumbani. Mageuzi yaliyofuata yalileta maswali zaidi ya kufikiri na ya kutumia maarifa ya maisha, na shule zikatumiwa taarifa za kueleza wanafunzi walikosea wapi na kwa nini.

Tafakari maana yake. Serikali ilikiri kwamba mtoto aliyeanguka huenda hakuanguka kwa ujinga. Huenda swali lilikuwa linamwuliza jirani yake.

Huko nje, watafiti walikuwa wanathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka wa 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha matokeo ya jaribio maarufu. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na yaliyowashangaza yakatoweka. Wasomaji hawakuwa wamedanganya. Walikuwa wameijaza hadithi kwa vitu vya kwao. Bartlett aliuita muundo huo wa maarifa kichwani skima. Mwaka wa 1979, Steffensen na wenzake waliwapa Wamarekani na Wahindi barua mbili, moja ikieleza harusi ya Kimarekani na nyingine ya Kihindi. Kila upande uliisoma barua ya kwao haraka zaidi na kukumbuka mengi, na kila upande uliipotosha ya wenzao. Bibi harusi Mmarekani aliyevaa gauni la nyanya yake, ambalo kwao ni fahari ya ukoo, kwa baadhi ya wasomaji Wahindi alionekana amevaa nguo iliyopitwa na wakati. Hao walikuwa watu wazima wasomi. Seuze mtoto wa Gredi ya Tatu!

Kutokana na utafiti wa aina hiyo ndipo zilipotoka mbinu zinazofundishwa vyuoni sasa. Iliyo maarufu zaidi ni ya Donna Ogle, ya mwaka wa 1986: safu tatu ubaoni, ya kwanza kwa yale ninayoyajua, ya pili kwa yale ninayotaka kuyajua, na ya tatu, inayojazwa baada ya kusoma, kwa yale niliyojifunza. Nyingine ni kutabiri kutokana na kichwa cha habari au picha, kuchora mtandao wa maneno yanayozunguka neno moja kuu, na kutoa kauli chache ambazo wanafunzi watazikubali au kuzikataa kabla ya kusoma na kuzirudia baadaye. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019, vimeleta mengi ya haya madarasani. Fungua kitabu cha Kiswahili cha gredi za chini, aghalabu utakuta picha na swali: unaona nini?

Swali zuri. Lakini picha ikiwa ya mto wenye kingo za kijani, mtoto wa Kainuk atajibu anachokiona kwenye karatasi, na mto wake wa mchanga utabaki nje ya darasa. Mbinu imetumika, maarifa hayajaamshwa. Ndiyo maana nasema tofauti haiko kwenye mbinu, iko kwenye kusikiliza.

Hebu tuseme mwalimu anazo dakika tano katika kipindi cha dakika thelathini. Anaandika "mto" katikati ya ubao. Anawapa wanafunzi dakika mbili wazungumze wawili wawili, kwa Kiturkana au Kipokot wakitaka, maana maarifa hayaji yakiwa yamevaa Kiswahili. Kisha anaandika wanayoyasema: mchanga, kuchimba, ngamia, gharika, hatari. Hapo ndipo anapouliza: "Je, kuna mahali ambapo mto una maji mwaka mzima?" Huenda mtoto akautaja Turkwel na bwawa lake lililo karibu. Sasa "kuchota" kunaweza kufundishwa kando ya "kuchimba", na wanafunzi wanasoma wakiwa na la kulinganisha. Mto wao haujafutwa, nao hawajafungiwa ndani yake. Zile hatari mbili za miaka ya 1920 zimeepukwa kwa chaki moja.

Kakuma kuna fundo jingine. Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka wa 1992, madarasa yake yamewakusanya watoto wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko, wote wakifuata mtaala wa Kenya. Mtoto wa mashariki ya Kongo huingia akiwa na Kiswahili tayari, ila ni Kiswahili ambamo kwenda "ku masomo" ni kwenda shuleni. Mwalimu akikichukua kama kosa, amezima taa ambayo tayari inawaka. Akikichukua kama maarifa, darasa zima linajifunza kwamba lugha hii ina nyumba nyingi. Na darasa likiwa limefurika, kama ilivyo kawaida huko, mazungumzo ya wawili wawili ndiyo njia pekee ya kila mtoto kusikika na angalau mtu mmoja.

Kuna tahadhari ambayo vitabu vya mbinu huitaja kwa nadra. Si kila kumbukumbu inafaa kuamshwa hadharani. Ukanda wa Kainuk umeishi miaka mingi na wizi wa mifugo na milio ya risasi. Kakuma wapo waliokimbia vita. Kifungu kinachosimulia wezi wa ng'ombe kinaweza kuwa kisa cha kuchekesha Nyeri, na kuwa jeraha Kainuk. "Nani amewahi kuona bunduki?" si swali la utangulizi. Mwalimu mwenye busara huuliza juu ya jambo, hamlazimishi mtoto kujitoa ushahidi. Atauliza ng'ombe ana thamani gani nyumbani, amani huletwa vipi baina ya majirani, kisha amwache mtoto achague cha kusema na cha kunyamazia. Hata kunyamaza kwake ni sehemu ya anachokijua.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni anasa. Silabasi ni ndefu, mtihani uko mbele, mwalimu mmoja ana gredi mbili. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini dakika tano ambazo hazikutumika mwanzoni hulipwa kwa riba mwishoni, pale mwanafunzi anaposoma kifungu kizima kwa sauti safi na asiweze kujibu swali la kwanza. Huyo husemwa hajui Kiswahili. Historia tuliyoipitia inatuomba tuwe wazito wa kutoa hukumu hiyo. Wizara yenyewe iliwahi kuisahihisha mitihani yake kwa sababu iligundua kwamba ilikuwa inapima mahali mtoto alikozaliwa.

Wachapishaji nao wana deni. Kitabu kimoja cha taifa hakiwezi kuwa na mto wa kila mtu, wala hakihitaji. Kinachohitajika ni mwongozo wa mwalimu unaosema waziwazi: neno hili lina sura tofauti Lamu, Kisii na Turkana, waulize wanafunzi wako kabla hujawaeleza. Mstari mmoja wa namna hiyo una gharama ndogo mno ya wino. Na vyuo vya ualimu vikifundisha mbinu ya safu tatu, viwafundishe walimu watarajali kuisoma safu ya kwanza kwa makini kuliko zote, kwa kuwa humo ndimo mwanafunzi hugeuka mwalimu kwa dakika chache.

Kwa miaka mingi shule ilikwenda Turkana ikiwa na majibu. Pengine umefika wakati iende na swali moja la kweli, ikae chini, isubiri kujibiwa.